Herufi ya Kichina iliyokosekana kwenye fonti, nikaiunda mwenyewe kwa ajili ya bango la harusi Likoni

Wakuu, assalaam aleikum, na msio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma tu. Miaka nimekuwa nikiingia humu kwenye uga wa picha na usanifu, nachukua maarifa, naondoka kimya kimya. Leo nami nimekuja na langu.

Majina ya watu nimeyabadilisha, langu pia, isipokuwa la mzee mmoja, na mtaona kwa nini. Mengine yote yalikuwa hivi hivi, na wenye harusi yao wamenipa ruhusa niyaandike. Kama kuna pahali nitaonekana najisifu, basi jueni najisifu kweli. Sitajificha.

Uzi ni mrefu. Mwenye chai na aimimine.

Niiteni Zuhura. Nina chumba cha kazi Bombolulu, laptop moja, printa ya kadi na kiti cha mteja. Natengeneza kadi za harusi, vyeti vya madrasa, mabango ya maduka. Bango likiwa kubwa, mimi naunda faili, kisha nalipeleka kwa jirani mwenye mashine ya kuchapisha mabango.

Asubuhi moja akaingia mama wa Likoni, Bi Mwanakombo. Twajuana tangu nilipomtengenezea mpwawe kadi za harusi. Ni mama wa makamo, msemaji wa taratibu, asiyepandisha sauti hata akikasirika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na wa nyumbani hawajambo?"

Tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Kisha akatoa simu mkobani, akanionyesha picha ya bango.

Au niseme, picha ya kilichotakiwa kuwa bango. Juu palikuwa na Kiswahili, kizuri tu: Karibuni harusi ya Saumu na Ibrahim. Chini yake safu mbili za viboksi. Viboksi vitupu, vimepangana kama madirisha ya gorofa.

"Hivi ndivyo vitu gani, mama?"

"Hicho ati ndicho Kichina," akasema. "Kazi nimeipeleka mjini, wakaniletea sampuli hii. Nikawaambia, mimi Kichina sikijui, lakini mkwe wangu nishamuona akiandika, na hakiandikwi hivi. Wakanambia mashine yao haikubali."

Hapo akakaa vizuri, akanipa habari yote.

Binti yake, Saumu, alikwenda Uchina kusomea mambo ya maji safi. Huko, kwenye karamu ya Idi ya msikiti ulio karibu na chuo, akajuana na kijana aitwaye Ibrahim. Naam, Mchina. Na si kwamba alisilimu ili aoe. Kwao ni Waislamu tangu mababu wa mababu, na wako wengi, mimi nilikuwa sijui. Saumu alipomaliza masomo akarudi, Ibrahim akamfuata, akapata kazi ya ufundi wa mitambo upande wa Changamwe. Posa ikaletwa kwa njia zake, ikakubaliwa.

Kilichobaki ni baba yake Ibrahim. Mtu mzima, fundi wa malori aliyestaafu. Mkewe alishafariki, na Ibrahim ndiye mwanawe wa pekee.

"Yuwaja," Bi Mwanakombo akasema. "Hakukataa. Lakini kufurahi pia hajasema. Mtoto wake mmoja yuwaoa mbali na yuwakaa mbali. Nami namuelewa, mwanangu. Wangu alipokuwa huko, mimi nalikuwa nalala na simu kifuani."

Akairudisha simu mkobani.

"Hapa akifika hamjui mtu, hajui neno. Nataka akishuka garini aone jina lake limeandikwa kwa lugha ya kwao, ajue nyumba hii ilikuwa yamngoja. Waweza au huwezi?"

Wakuu, nikasema naweza.

Maishani mwangu sikuwa nimeandika Kichina hata nukta. Lakini nilimtazama yule mama alivyokaa, buibui limenyooka, mikono juu ya mkoba, nikaona siwezi kumwambia yale yale aliyoambiwa mjini.

Basi kazi ikaanza.

Ibrahim akanitumia maneno kwa simu. Kwenye simu yaonekana vizuri kabisa. Nikayanakili, nikayabandika kwenye programu yangu ya kuhariri picha.

Viboksi. Vile vile.

Sasa hapa niwaeleze, maana najua wengi hukatia tamaa papa hapa. Fonti ni kama sanduku la herufi. Masanduku yetu mengi yana A hadi Z, tarakimu na alama chache. Ukiweka herufi ya Kichina, programu yafungua lile sanduku, yapekua, haikuti kitu, basi yakuwekea kiboksi kukwambia kuwa hapa pana herufi lakini mimi sina. Maneno hayajaharibika, yapo. Kinachotakiwa ni sanduku lenye herufi hizo.

Nikatafuta fonti ya Kichina, nikaipakua, nikaichagua. Herufi zikatokea zote, nyeusi, zimejaa, nikaruka kitini. Nikampelekea Ibrahim picha.

Akajibu kwa adabu: "Dada, asante sana. Baba atasoma. Lakini hizi ni za namna ya zamani. Kwetu twaandika zilizorahisishwa."

Nikarudi kwenye simu kulinganisha. Kweli! Jina la ukoo wao ni Ma, maana yake farasi. Kwenye ujumbe wa Ibrahim farasi alikuwa mistari michache tu. Kwenye fonti yangu farasi yule yule ana manyoya ya shingoni na vinukta vinne chini kama kwato. Kumbe kuna fonti ambazo waziandikia herufi mpya, nazo zakutolea za kale bila kukuuliza. Mwenye kufanya kazi hii asiseme sikumwambia.

Nikatafuta nyingine. Nikapata moja ya mtindo wa brashi, ile unayoona wino ulivyokolea mwanzo wa mstari na kukauka mwishoni. Wallahi ilikuwa nzuri. Jina la Saumu, la Ibrahim, la Bi Mwanakombo ambalo kwa Kichina limekuwa refu kama gari moshi, yote yakakaa kama yaliandikwa na mkono wa mtu.

Isipokuwa herufi moja.

Na haikuwa popote ila kwenye jina la mzee. Ma ikatoka vizuri, kisha herufi ya pili, jina lake lenyewe, ikatoka nyembamba, iliyonyooka, haina brashi wala wino. Ilikuwa kama mtu amevaa kanzu na koti, kisha mguuni kavaa viatu vya mvua.

Nikapekua nikajua sababu. Herufi hiyo ni adimu. Waundaji wa fonti za mapambo huchora zile elfu kadhaa zinazotumika kila siku, nyingine huziacha. Programu ilipoikosa kwenye sanduku langu ikaenda kuazima kwenye sanduku la jirani bila kunambia.

Herufi yenyewe ni hii: 堃. Yasomeka Kun.

Kama simu yako imekuonyesha kiboksi, basi sasa waelewa nilivyokuwa najisikia.

Nikajaribu fonti nyingine za brashi. Moja ikaweka kiboksi, nyingine ikaweka alama ya kuuliza, nyingine ikaacha pengo kabisa, kana kwamba mzee hana jina. Ile iliyokuwa nayo ilikuwa ya maandishi ya vitabu, kavu, haifai harusi.

Jioni moja Ibrahim na Saumu wakanijia Bombolulu baada ya kazi. Saumu ni binti mrefu, mcheshi, macho ya mamake. Ibrahim ni mpole, na Kiswahili chake chaenda polepole lakini chafika. Nikawaonyesha kwenye kioo cha laptop.

Ibrahim akatazama, akacheka kidogo.

"Dada Zuhura, hii usijisumbue," akasema. Akashika kibodi, akaandika herufi nyingine. Ikatokea kwa brashi, nzuri, imelingana na wenzake. "Andika hii. Inasomeka Kun, sawa sawa. Kila mahali wanamwandika hivi."

"Ndiyo jina lake?" nikamuuliza.

"Hapana. Ni Kun nyingine. Lakini amezoea."

Saumu akamgeukia. "Kazoea vipi?"

Ibrahim akaeleza. Zamani mashine nyingi kwao hazikuwa na herufi ile. Baba yake akienda kukata tikiti, mashine haina. Kazini kitambulisho chake kiliandikwa Kun ile nyingine, na alipostaafu wakampa sahani ya heshima ya kutundika ukutani, nayo ikaja na Kun ile ile nyingine.

"Akaitundika?" Saumu akauliza.

"Iko kabatini," Ibrahim akasema.

Nje watu walikuwa wakipita na mikate ya chai.

Nikamwambia, "Ibrahim, mimi hapa wateja huniita Zuhra, Suhura, wengine Zahara, na wote naitika. Lakini kadi yangu ya harusi ingekuja imeandikwa Suhura, ningeirudisha."

Saumu akacheka. "Na mama alisema jina lake, Ibrahim. Hakusema la kufanana."

"Lakini haipo kwenye fonti," Ibrahim akasema.

"Haipo," nikamjibu. "Nichoree niione vizuri ilivyo."

Akachukua karatasi, akachora polepole, mstari baada ya mstari, akinieleza. Kumbe herufi ile imeundwa kwa vipande vitatu. Juu kuna viwili vya kufanana, vimekaa bega kwa bega kama pacha, na chini kuna kimoja ambacho peke yake maana yake ni udongo, ardhi. Na vipande hivyo kila kimoja ni herufi kamili ya kawaida, wanafunzi wa shule ya msingi waijua.

Nikamkatiza. "Hii ya pacha, peke yake, imo kwenye fonti yangu?"

"Imo."

"Na udongo umo?"

Akanitazama. Akaanza kutabasamu.

Basi wakuu, nikaandika herufi ya pacha kwa fonti ya brashi, ikatoka. Nikaandika ya udongo, ikatoka. Nikazigeuza ziwe maumbo, yaani programu isizione tena kama maandishi bali kama michoro, ili niweze kushika kila ncha na kuivuta. Nikanakili pacha wa pili. Nikawabana wawili juu, nikaubana udongo chini.

Ikawa mbaya!

Nasema kweli, mbaya. Ukibana herufi kwa upana, mistari yake ya wima yawa myembamba kama uzi na ya mlalo yabaki minene. Ukiibana kwa urefu, kinyume chake. Pacha walikuwa wamekonda, udongo umevimba, na mkono wa pacha wa kushoto umemchoma mwenzake ubavuni. Ibrahim kwa adabu zake akasema "inasomeka". Saumu, ambaye hana adabu hizo, akasema, "Yaonekana kama wagonjwa wawili wamekalia kitanda kimoja."

Wakaniacha nayo.

Kesho yake nikawaza hivi. Aliyechora fonti hii alikuwa na mkono wake. Lazima mahali fulani ameshachora herufi nyingine yenye udongo chini, na nyingine yenye pacha bega kwa bega. Nikifuata alivyofanya huko, nitajua angefanyaje hapa.

Nikampigia Ibrahim. "Nipe herufi zenye udongo chini."

Akaniletea neno la kukaa kitako, na neno la ukumbi. Nikaziandika. Na kweli, udongo ukiwa chini ya kitu haukai kama ulivyo peke yake. Walala, wawa bapa, mstari wake wa chini wanyooka ukabeba mzigo.

"Sasa nipe pacha."

"Msitu," akasema. "Msitu ni miti miwili."

Nikaandika msitu. Wakuu, hapo ndipo nilipopata kitu. Miti miwili imesimama pamoja, lakini haiko sawa! Ule wa kushoto umekunja mkono wake wa kulia, umekuwa kijinukta tu, ili mwenzake apate nafasi. Nikaangalia herufi nyingine za pacha alizonitumia: kila mara wa kushoto hujibana, wa kulia hujinafasi.

Basi nikafuta yote nikaanza upya. Sikubana tena. Nilichora mstari mmoja mmoja kwa kalamu ya programu juu ya kivuli cha herufi halisi, unene wa mistari nikiupima kwa majirani zake. Wa kushoto nikamkunja mkono. Wa kulia nikamwacha avute mguu wake vizuri. Zile ncha zilizokauka wino nikazinakili kutoka herufi za fonti ile ile, nikazibandika mwishoni mwa mistari yangu, kila moja ikielekea kule ambako brashi ingeelekea.

Kazi za wateja wengine nilizifanya asubuhi, mchana nikirudia Kun. Kuna mwenye duka la viatu alikuja kuchukua bango lake akaniona nimeng'ang'ania kioo. Akaniuliza, "Dada, huyo mdudu ni wa nini?" Nikamwambia huyo si mdudu, huyo ni baba wa mtu.

Nilipoona imekaa, sikumwambia Ibrahim kitu. Nikaiweka mahali pake kwenye bango, katikati ya wenzake, nikamtumia bango zima.

Akachelewa kujibu. Kisha simu ikalia.

"Dada Zuhura, umepata fonti nyingine?"

Hakuweza kuijua! Mtu aliyezaliwa na herufi hizo, jina la babake mwenyewe, aliangalia akadhani nimepata fonti yenye herufi zote. Nilisimama nikatoka nje mlangoni nikarudi, kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa. Mkisema najisifu, nishawaambia mapema.

Jambo moja kabla hatujafika Likoni. Msipeleke faili la namna hii kuchapishwa likiwa bado ni maandishi. Mashine ya jirani yangu haina fonti ile, ingelifungua na kuweka viboksi vyake, tukarudi tulikotoka. Nikageuza kila neno kuwa umbo, Kiswahili na Kichina. Nikasimama kando ya mashine bango likitoka polepole, na jina la mzee lilipopita chini ya taa nikaomba dua.

Siku ya mzee kufika ilikuwa siku kadhaa kabla ya harusi. Bi Mwanakombo akanitaka niende, nikavuka feri na bango begani. Tukalifunga juu ya lango la ua, mbele ya nyumba, mahali ambapo mtu akishuka garini hawezi kukwepa kuliona.

Majirani walishajaa. Mwajua mtaa ukisikia mgeni wa mbali. Shangazi mmoja wa Saumu, mama mwenye maneno yake, alikuwa akiuliza tangu asubuhi, "Sasa huyo tutamwambia nini? Tutakaa tukitazamana?"

Gari likafika. Ibrahim akashuka kwanza, akafungua mlango wa nyuma. Akatoka mzee mwembamba, mrefu kuliko nilivyodhani, kofia nyeupe kichwani, koti limefungwa vifungo vyote katika joto lile. Akatutazama sote. Akaweka mkono kifuani.

"Assalaam aleikum."

Uwanja mzima ukajibu. Nawaambia, lile "waaleikum salaam" lilitoka kwa sauti ambayo sijaisikia hata siku ya Idi. Shangazi mwenye maneno ndiye aliyejibu kwa nguvu kuliko wote.

Kisha mzee akainua macho.

Akaliona bango. Akaanza kusoma, midomo yaenda bila sauti. Alipofika kwenye jina lake akasimama. Akarudi nyuma hatua, akaangalia tena. Kisha akafungua kiganja cha kushoto, na kwa kidole cha kulia akawa anaandika kiganjani, mstari kwa mstari, huku macho yako juu. Alikuwa anahakikisha.

Mimi nilikuwa nyuma ya Bi Mwanakombo, nikiwaza ni mstari gani nimekosea.

Akasema kitu kwa Ibrahim. Ibrahim akacheka, machozi yamemlengalenga.

"Baba anauliza bango hili limeagizwa kutoka mji gani wa Uchina."

Bi Mwanakombo akanishika mkono akanitoa mbele. "Mwambie limetoka Bombolulu. Mwenye kulifanya ni huyu hapa, mwanangu."

Ibrahim akatafsiri. Mzee akanitazama muda. Akasema tena, maneno mengi safari hii, na Ibrahim akawa anafasiri akisimama kupumua.

"Anasema jina hili alipewa na babake. Babu yangu alikuwa mkulima wa kulima shamba la watu. Hakuwa na lake. Mtoto alipozaliwa, akamtafutia jina lenye ardhi ndani yake." Akamsikiliza babake tena. "Anasema mara ya mwisho kuliona limeandikwa kwa brashi, kubwa, ilikuwa kwa mkono wa babu."

Nikamwambia tu, "Karibu, baba." Ibrahim hakutafsiri hilo, na nadhani halikuhitaji.

Bi Mwanakombo akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haya, mzee asimame juani mpaka lini? Mkaribisheni ndani."

Tukala. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi. Baada ya kula mzee akaomba kusema, jambo ambalo Ibrahim baadaye alinambia halikuwa limepangwa, kwa sababu babake si msemaji. Akasema alipokuwa kwenye ndege alikuwa akijiuliza kama anakuja kumwoza mwanawe au kumpoteza. Akasema sasa amefika na ameona anangojewa, hana swali tena. Akamgeukia Saumu akamwita kwa neno la Kichina. Saumu akaanza kulia, tukajua bila kuambiwa kuwa amemwita "binti yangu".

Harusi yenyewe ilikuwa nzuri, alhamdulillahi, lakini hiyo mtaiwazia wenyewe.

Baada ya harusi, mzee aliomba aletwe Bombolulu. Akaja na Ibrahim, akakaa kwenye kiti cha mteja, mikono magotini. Nikafungua faili nikamwonyesha jinsi nilivyoijenga: pacha wa kushoto, pacha wa kulia, udongo. Nikavitenganisha, nikavirudisha. Alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayeonyeshwa injini ya lori aina mpya.

Kisha akauliza kitu.

"Anauliza kama anaweza kugusa," Ibrahim akasema.

Nikampisha. Nikamwekea mkono wake juu ya kipanya, nikamwonyesha namna ya kushika ncha ya mstari na kuivuta. Mikono mikubwa ile, ya spana, ikatulia. Akaenda kwenye ule mstari wa chini kabisa wa udongo. Akaushika upande wa kushoto, akauvuta nje kidogo. Akaushika upande wa kulia, akauvuta pia, mpaka ukapita mabega ya pacha wote wawili. Akarudi nyuma, akaangalia.

Nami nikaangalia. Wakuu, ilikuwa sasa ndiyo imekaa. Yangu ilikuwa sahihi, lakini ilikuwa imesimama kwa wasiwasi. Yake ilitulia.

Nikabonyeza kuhifadhi mbele yake. Faili hilo ndilo ninalo mpaka leo, na sijaligusa tena. Nikamchapishia jina lake peke yake kwenye karatasi nzito, akaondoka nalo limeviringishwa, akimkataza Ibrahim asimbebee.

Basi nilichojifunza ni hiki. Kiboksi kwenye kioo hakimaanishi haiwezekani, chamaanisha hujapata sanduku lake. Na kama sanduku halipo duniani, waangalie majirani wa hiyo herufi, uone mchoraji alifanyaje, nawe ufanye kwa mkono. Muulize mwenye lugha kila hatua, usione haya. Na jina la mtu usilibadilishe kwa la kufanana hata mwenyewe akikwambia amezoea. Aliyezoea hajasema amependa.

Sasa nawaachia nyinyi. Nani humu amepambana na Kichina, au Kiarabu ambacho programu yakiandika kinyumenyume na herufi zimeachana, au lugha yoyote inayokutolea viboksi? Mlifanyaje? Na wale mafundi wa fonti wenyewe, kuna njia ya kuiingiza herufi yangu ndani ya fonti nikaweza kuichapa kama nyingine? Nifundisheni, nipo nasoma kila jibu.

Na mkipita Bombolulu mtaniona. Kibao cha mlangoni nimekibadilisha. Zamani kiliandikwa Kadi na Mabango. Sasa chasema: Kiswahili, Kiarabu, Kichina.